Siku ya kufungua pisine, Gatineau

Juma hili tunawaletea habari za safari yetu ya Gatineau, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Mji huo unatazamana na Ottawa, na mto unapita katikati. Tulifika kwa dada yetu mwezi wa tano, theluji imekwisha kuyeyuka na miti inachipuka.

Nyuma ya nyumba yake kuna pisine. Wakati wote wa baridi ilikuwa imefunikwa kwa turubai. Siku ya posho tuliamka mapema kumsaidia kuifungua. Kwanza tulivuta maji ya theluji na majani yaliyooza juu ya turubai, ili uchafu usimwagike ndani. Tulipolikunja, tulishangaa: maji yalikuwa ya kijani kama sombe!

Dada alitoa vizibo alivyotia katika mabomba kabla ya baridi, maana maji yakiganda ndani hupasua bomba. Akarudisha ngazi, akaongeza maji, akawasha pampu. Jua lilipozama akatia klori, kwa sababu mwanga wa jua huimaliza nguvu. Harufu ile tuliijua mara moja. Ndiyo ile ya klori inayotiwa ndani ya bidoni zetu kando ya ziwa Kivu, wakati wa kipindupindu.

Watoto walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea. Dada akakataa: «Nisipoona chini, hakuna anayeingia.»

Mmoja wetu alinyamaza. Yeye alipoteza mtoto ziwani, na waliomtafuta hawakuweza kuona chini. Usiku ule alitoka mara mbili kujaribu mlango wa uzio. Sheria ya Quebec inataka uzio usiopungua mita 1.2, na mlango unaojifunga wenyewe.

Pampu ilifanya kazi usiku na mchana. Siku ya nne tuliona sakafu yote. Watoto wakaruka kwa vigelegele, mama yao akiwa amekaa ukingoni, simu ameiacha ndani ya nyumba.

Wamama, wengi wetu hatuna pisine. Lakini tuna mapipa, mabeseni na mashimo ya maji ndani ya parsela. Tuliporudi, yule mwenzetu alianza kwa kufunika pipa lake, kabla hata ya kufungua mizigo. Leo jioni, kabla ya kulala, tuzunguke kila mmoja kwake. Mtoto mdogo hazami katika maji mengi tu.