Kuzima moto pamoja: desturi yetu ya Murara

Kila mji una desturi zake, na nyingine haziimbwi wala kuchezewa ngoma. Sisi watu wa Murara, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, tuna moja ambayo huonekana tu siku ya msiba: nyumba ya jirani ikiwaka moto, mtaa mzima unageuka pompier. Hakuna anayelipwa, hakuna mwenye kofia ya chuma. Kama wazee wanavyosema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Sababu ya desturi hii iko chini ya miguu yetu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita kwenye uwanja wa ndege, ikakata mji katikati mpaka ziwani Kivu. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ilifunikwa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakielekea Gisenyi, na wengi wakarudi baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado ya moto. Juu ya mawe kama hayo kuchimba msingi ni kazi ngumu, na matofali ni bei. Basi wengi walijenga nyumba za mbao na bati. Nyumba ya mbao inasimama haraka, tena unaweza kuibomoa na kuihamisha. Lakini inaungua haraka vilevile. Mbabula iliyosahauliwa, mshumaa kando ya chandarua, waya wa umeme uliochakaa: dakika chache zinatosha. Na sisi tumejenga bega kwa bega. Moto hauulizi mpaka wa parseli.

Lava hakuna anayeizima. Hata tarehe 22 Mei 2021, ilipokuja tena na kusimama upande wa Buhene, kazi yetu ilikuwa kubeba watoto na kuondoka. Moto wa nyumba ni mwingine. Huo tunapigana nao.

Kwanza ni sauti. «Moto! Moto! Batu bote mutoke!» Wanawake wanapiga masufuria, vijana wanapuliza filimbi. Watu wanatolewa kwanza, halafu vitu. Maji ya robine hayako kila saa, kwa hiyo kila bidoni iliyo nyuma ya mlango inatoka bila kuomba ruhusa ya mwenyewe. Maji hayo machache hatuyamwagi ovyo juu ya nyumba ambayo imekwisha kushika yote. Tunalowesha kuta za majirani. Penye petroli tunatupa mchanga na changarawe za volkano, maana maji yanaitawanya. Wazee wawili au watatu wanakaa kulinda magodoro na vyombo vilivyotupwa njiani, kwa sababu wezi nao husikia filimbi.

Kisha inakuja sehemu chungu. Maji yakiisha, wanaume wanachukua nyundo, mashoka na mitalimbo, na wanabomoa nyumba inayofuata, ambayo bado ni nzima, ili moto ukose njia. Dakika kumi, na pale palipokuwa na chumba pana nafasi tupu.

Tunamkumbuka mama mmoja, muuzaji wa mandazi, ambaye nyumba yake ilibomolewa hivyo. Moto ulikoma hapo hapo. Nyumba za nyuma yake zilipona zote. Watu walikuwa wakishukuru Mungu. Yeye alikaa juu ya godoro lake njiani akasema: «Mimi, moto haukunikula. Ni ninyi majirani mulinikula.» Hakuna aliyekuwa na jibu. Mzee mmoja alisema tu: «Mama, uko na haki. Kesho tutaongea.»

Kesho yake waliongea kweli. Kila nyumba iliyopona ilitoa kitu: ubao, misumari, bati kuukuu, au siku moja ya kazi. Nyumba ya mama ilisimama kabla ya ile iliyoungua, na hivyo ndivyo desturi inavyotaka: aliyevunjiwa kwa ajili ya wengine anajengewa wa kwanza. Aliyeunguliwa anapewa pole na mchango, lakini aliyevunjiwa tuna deni naye.

Kwetu sisi hapo ndipo penye moyo wa desturi, kuliko kwenye bidoni. Siku mchango utakapokataliwa, moto utakaofuata utamkuta mtu amesimama mlangoni na panga, akilinda kuta zake, na mtaa mzima utaungua nyuma yake. Tena mtaa wetu unabadilika. Vita vimeleta wengi kutoka vijijini, wapangaji wanahama kila mara, na wengine hawajui hata jina la jirani. Ndiyo maana tunaomba kila mkubwa wa avenyu, anapomkaribisha mgeni, amwonyeshe robine ilipo, amweleze maana ya filimbi, na amwambie mapema, bila kuficha: huku kwetu nyumba yako inaweza kuvunjwa ili kuokoa zetu, na sisi ndio tutakaoijenga tena.