Waliosema Ndiyo Wameshinda

Mbinga, Ijumaa, 14 Juni 2024

Baridi ya mwezi huu haina mchezo. Ukungu ulikaa mlimani hadi karibu saa tano, na kahawa iliyo kwenye vichanja haijakauka hata nusu. Jana jioni tuliacha kazi mapema tukasikiliza bajeti redioni: Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba, shilingi trilioni 49.35. Mtoto wa jirani, yuko kidato cha tatu Songea na amerudi likizo, alikaa nasi akichambua punje mbovu. Katikati ya hotuba akaniuliza: "Mwalimu, vyama vyetu bungeni vikipigia kura sheria za mabadiliko ya tabianchi, nani anaunga mkono na nani anapinga?" Shule ikifunguliwa wana mdahalo. Mdomo uliniwasha kujibu palepale kama enzi za kipindi cha Uraia. Nikamwambia anipe siku chache.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nimeshinda na Hansard, kumbukumbu za mijadala ya Bunge, kwenye simu, macho yamechoka. Sheria ya tabianchi inayosimama peke yake hatuna. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kifungu cha 75 ndicho kilichobeba jambo hilo. Mkataba wa Paris tuliuridhia mwaka 2018. Hati ilifika Umoja wa Mataifa Mei 18. Biashara ya kaboni, inayosemwa sasa kila penye msitu, imekuja kwa kanuni za waziri za mwaka 2022. Kanuni huwekwa mezani, Kamati ya Sheria Ndogo ikazichambua, basi. Hakuna mbunge anayesimama kuzipigia kura.

Na pale penye kura, sauti ndiyo inayoamua. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha Spika anatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Kwenye Hansard kurasa nzima za hoja na makofi huishia kwenye mabano: hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Nani aliafiki? Mabano hayasemi. Bunge la 2015 hadi 2020 lilikuwa na wapinzani zaidi ya mia moja, hata hivyo ukitaka kujua mmoja wao alisema nini kwenye azimio fulani, uombe Mungu awe alichangia kwa kuzungumza. Bajeti ndiyo huitwa kwa majina, mbunge mmoja mmoja. Hiyo nilikuwa naifundisha kila mwaka bila kuwaambia watoto kwamba mambo mengine hayapigiwi hivyo.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda Songea kufuata dawa ya mama watoto. Pale Kitai tulisimama kwa muda kupisha malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, yakielekea Songea, na mengine yataendelea hadi bandari ya Mtwara. Vumbi jeusi limeshika hadi majani ya migomba iliyo kando ya barabara. Kondakta akapiga hesabu kwa sauti ni vijana wangapi wa kijiji kile wamepata kazi, na mama mmoja nyuma yangu akasema lile vumbi hulala kwenye sufuria zake. Wote wawili wanasema kweli.

Wilaya hii inachimba makaa na inalima kahawa, na kahawa ndiyo inayosumbuliwa kwanza mvua zikivurugika. Nimeona kampeni nyingi hapa tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Sijapata kumsikia mgombea, wa chama tawala CCM au wa upinzani, akiomba kura kwa kuyapinga makaa. Halmashauri inasubiri ushuru wake. Kwa hiyo hata majina yangeandikwa, kwenye jambo hili nina wasiwasi kama yangetofautiana.

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwandikia kijana mifano ya nje, kwa ufupi. Uingereza mwaka 2008, sheria yao ya tabianchi: 463 dhidi ya 3, serikali na upinzani pamoja. Marekani Agosti 2022: Seneti 50 kwa 50, Republican hata mmoja hakuunga mkono, Kamala Harris akaja kuamua kwa kura yake. Jambo lilelile, vyama viwili vinaweza kulibeba pamoja au kulifanya uwanja wa vita.

Wakenya wamenifurahisha zaidi. Muswada wao wa kwanza Kibaki aliukataa mapema 2013, kwa hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa. Aliyeufufua ni Wilber Ottichilo, mbunge wa Emuhaya kwa tiketi ya ODM, yaani upinzani, na aliyeutia sahihi Mei 2016 ni Uhuru Kenyatta wa Jubilee. Mpinzani anaandika, serikali inasaini! Huku kwetu muswada binafsi wa mbunge umekuwa kama kuonekana kwa chui.

Jumatano, 26 Juni

Nairobi jana, Mungu awarehemu waliokufa. Muswada wa Fedha, ambao ndani yake ulikuwamo ushuru wa mazingira, ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Bunge likavamiwa. Leo jioni Ruto amesema hautii sahihi. Majina ya waliosema ndiyo yamezunguka kwenye simu hadi huku Mbinga. Kijana amenionyesha orodha, anaijua kuliko wabunge wa Ruvuma. Nilishtuka, maana nimekuwa nikitamani majina yaandikwe na sikuwaza kwamba orodha inaweza kumfikisha mtu mlangoni kwa mbunge na jiwe mkononi. Bado nayataka.

Jumamosi, 29 Juni

Kijana kaja na daftari. "Shikamoo Mwalimu. Kwa hiyo niandike CCM wanaunga mkono?"

Nikamwambia aandike hivi: mwaka 2020 CCM walichukua majimbo 256 kati ya 264, kwa hiyo kura ya ukumbini haina mashaka. Tena Katiba, ibara ya 71, inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti. Julai 2017 CUF waliwavua uanachama wabunge wanane wa viti maalumu na viti vikaenda. Na hao ni wapinzani. Nani atainuka kusema siyo?

Mabishano ya kweli, kama yapo, yanafanyika kwenye kikao cha wabunge wa chama, milango imefungwa, na huko Hansard haiingii. Akauliza sasa atapata wapi ushahidi. Nikamtuma kwenye maswali ya nyongeza na majedwali ya marekebisho: huko mbunge wa chama tawala humbana waziri wake kwa jina lake mwenyewe, kuhusu skimu iliyokauka au mwalo uliomezwa na ziwa, na karani anaandika. Tumekubaliana aanze na wabunge wa Mbinga na Nyasa, kikao cha Aprili mpaka sasa, na kila swali aliandikie tarehe. Kalamu yake imeisha wino, nimempa ya kwangu.