Hereni ya Kijana

Jumamosi moja katika mafundisho ya Kipaimara, hapa Bunia, aliingia kijana wa miaka 19 mwenye hereni ndogo ya dhahabu katika sikio la kuume. Wenzake wakacheka chini chini. Mmoja akanong'ona kwamba mwanamume avaaye hereni upande ule ni wa wale wapendao wanaume wenzao. Nasi, badala ya kuunyamazisha uvumi huo, tukamwambia mbele ya wote: «Toa kitu hicho, kisha urudi.» Akatoka. Majuma matatu nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu.

Tukaanza kuulizauliza. Mzee mmoja alituhakikishia kuwa alama ni sikio la kuume. Wa pili akaapa ni la kushoto. Wa tatu, mwenye duka sokoni, akasema ni yote mawili. Basi, alama gani hiyo isiyosomeka hata kwa wasomaji wake?

Tena maneno hayo hayakuzaliwa Ituri. Yalivuma sana Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Ni kweli wako waliovaa hereni ili watambuane. Lakini wengi walivaa kwa kupenda tu, wala upande haukuwa mmoja mahali pote. Mwaka 2009 watoza kodi wa Italia walimnyang'anya Maradona hereni zake kwa ajili ya deni. Hawakuuliza maana yake, waliuliza bei!

Na huku kwetu Afrika ya Mashariki, wanaume wa Kimasai na wa Kikuyu walitoboa masikio na kuyanyoosha tangu zamani, na hakuna aliyewaona kuwa si wanaume. Hata Maandiko yanatushuhudia. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 32, Haruni anawaagiza Waisraeli wavue hereni za dhahabu masikioni mwa wake zao, mwa binti zao, na mwa wana wao pia. Dhambi ya siku ile ilikuwa katika ndama, si katika sikio.

Haya yote tuliyasoma jioni, taa ikiwaka, na kila tulipofunga kitabu tulimwona yule kijana akitoka mlangoni. Maana swali lilikuwa bado. Tuseme uvumi ulikuwa kweli: je, tungekuwa na haki ya kumfukuza? Katekisimu ya Kanisa Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, haibadili mafundisho juu ya usafi wa moyo. Lakini katika namba 2358 yadai watu wenye maelekeo hayo wapokelewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe pasipo haki. Namba hiyo tuliifundishwa seminarini. Tuliijibu vizuri katika mtihani.

Tukaenda kwao. Tulimkuta akiosha pikipiki ya mjomba wake. Hakutukaribisha kiti mara moja, na hatukumlaumu. Alisema alifanya kazi machimboni, upande wa Mongbwalu, na katika dhahabu yake ya kwanza alimpa sonara kidogo amtengenezee hereni. Nyingine yote ililipa kodi ya nyumba ya mama yake.

«Mfukoni ingeibiwa,» akasema. «Sikioni naisikia.»

Kwa nini la kuume? Akatutazama kwa mshangao. Rafiki aliyemtoboa alikuwa amekaa upande huo.

Tukamwomba radhi. Kisha, kwa woga wetu wa watu, tukaongeza kwamba pengine ingefaa aitoe siku za mafundisho tu, ili apate amani.

«Mwalimu,» akasema, «nikiitoa sasa, watasema nimeungama.»

Hatukuwa na jibu. Tukamwambia mafundisho ni Jumamosi saa tisa, kama kawaida.

Jumamosi ile tulisema mbele ya darasa lote kwamba kosa lilikuwa letu. Wawili watatu waliinamisha vichwa, wengine walitazama dirishani. Saa tisa na robo alifika, hereni sikioni, akaketi benchi la nyuma. Yule aliyenong'ona akasogea kidogo kumpisha.