Kabla Boti Haijaondoka

Wengi wetu tukienda Unguja wikiendi, ufukwe ni Nungwi au Paje. Bandari ya Malindi tunaipita mbio tu, begi mkononi. Na sisi tulikuwa hivyohivyo, mpaka Jumapili moja tulipoikosa boti ya mchana ya kurudi Dar. Kosa langu: nilichelewa Darajani nikichagua kanga. Mume wangu hakusema neno. Nikajua amenuna.

Tukaifuata barabara ya Mizingani, tukalipita lile jengo la Dispensari ya Zamani lenye baraza za mbao zilizonakshiwa, ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887. Mbele yake kidogo kuna Mti Mkubwa, na kando ya maji kipande cha mchanga, kidogo kweli. Hapo ndipo manahodha wa boti za Changuu wanapongoja wageni. (Mkitaka kwenda kuwaona kobe, pataneni bei kabla ya kupanda, na muulize kama ni ya kwenda na kurudi.)

Jamani, bikini iacheni Paje. Hapa ni mjini, watu wanapita kwenda msikitini. Wala msiogelee, vyombo vinaingia na kutoka muda wote. Hapa mnakuja kukaa.

Basi tukakaa, juu ya kanga ileile iliyotukosesha boti. Boti kubwa ikaingia kutoka Dar, na baada ya muda mawimbi yake yakatufikia miguuni. Ndipo akasema, “Mke wangu, ile kazi ya Mwanza nimepata. Wanataka jibu kesho.”

Kumbe barua alikuwa nayo wiki mbili! Siku mbili nzima Paje, chakula cha usiku kwa mishumaa, bili ya kukata maini, na hakuna aliyegusia lolote. Kila mtu na simu yake.

Nilikasirika, sikufichi. Nikamuuliza kuhusu kazi yangu mimi, kuhusu nyumba tuliyoanza kujenga, na kwa nini nilikuwa wa mwisho kujua. Alijibu taratibu, akichora mchangani kwa kijiti. Hatukufika mwisho. Muda wa kuingia bandarini ulifika, tukakung'uta kanga, vitambulisho mkononi, yeye kabeba mabegi yote.

Hadi Dar ni kama saa mbili. Tulizihitaji zote.