Kuba la Kioo Katika Maji ya Daymaniyat



Anayeondoka Seeb alfajiri, bahari ikiwa shwari, huviona Visiwa vya Daymaniyat vikijitokeza kidogo kidogo, mfano wa mstari wa mchanga uliochorwa juu ya maji. Ni visiwa tisa vya mawe ya chokaa, na vimelala kiasi cha kilomita 18 kutoka pwani. Juu yake hamna kivuli cha maana. Utajiri wake umo chini: matumbawe, chewa, taa, mikunga, na zaidi ya hao kasa na ng'amba, ambao hupanda fukwe zake kutaga. Tangu mwaka 1996 visiwa hivyo ni hifadhi ya serikali ya Oman. Anayekwenda hana budi kuwa na kibali, na kuanzia tarehe 1 Mei hadi mwisho wa Oktoba hakuna ruhusa ya kukanyaga fukwe, ili viumbe hao na ndege wa baharini wazae kwa salama.

Sisi tulikwenda mara mbili katika Aprili ya mwaka 2024, na sababu ya safari zote mbili ilikuwa mama mdogo. Alikuwa amekuja Maskati kututembelea, na tiketi yake ya kurejea Unguja ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Yeye ni mzaliwa wa Nungwi. Katika utoto wake alimwona ng'amba mara nyingi, lakini kila mara amelazwa chali mchangani, akingoja kubanduliwa gamba lake lipelekwe mjini kutengenezwa vitana na mapambo. "Wanangu," alituambia, "sijapata kumwona akiogelea. Mimi magoti yangu hayapandi boti tena. Nileteeni picha yake, nimwone alivyo nyumbani kwake."

Ombi dogo, tukalichukulia dogo. Tulikuwa na kamera, tulikuwa na kasha lake lisiloingia maji, na mbele ya kasha tukafunga kuba dogo la kioo tulilolikodi katika duka moja pamoja na pete ya kuongezea urefu, ambayo tuliambiwa ndiyo yake. Tukazama, tukamkuta ng'amba akidonoa sponji za baharini bila ya kutujali, tukampiga picha arubaini. Usiku tulipomwonyesha mama mdogo, alizitazama moja moja kwa adabu, kisha akauliza: "Mbona pembeni kote kumefifia, kama dirisha lenye mvuke? Kichwa nakiona. Miguu yake iko wapi?"

Tuliona haya. Ikabidi tuanze kusoma.

Kwa nini kioo kiwe na umbo la kuba? Kwa kuwa nuru, inapotoka majini na kuingia katika hewa iliyo ndani ya kasha, hupinda. Kioo kikiwa bapa, kila kitu huonekana kikubwa na cha karibu zaidi kuliko kilivyo, kama anavyokiona mzamiaji kwa miwani yake, na lenzi iliyo pana hupoteza upana wake. Tena pembeni mwa picha rangi huachana, zikafanya ukingo wa buluu na mwekundu. Kuba huondoa tatizo hilo, kwani nuru inayoelekea kwenye kitovu chake hupenya kioo wima, isipinde.

Lakini kuba nalo lina madai yake, na hapa ndipo tulipokosea. Likiwa ndani ya maji, kuba lenyewe hugeuka lenzi. Kamera haimwoni tena ng'amba pale alipo. Huiona taswira yake, nayo husimama karibu mno na kioo. Hata mwamba ulio mbali kabisa, taswira yake husimama mbele ya kioo kwa umbali wa nusu-kipenyo cha kuba mara tatu tu. Kuba kamili lenye kipenyo cha sentimita 20, basi, huuleta upeo wa bahari yote sentimita 30 mbele yake. Na samaki aliye kwenye sentimita 30 huonekana kama yuko kwenye 13 hivi. Lenzi isiyoweza kulenga karibu haitatoa picha safi humo, hata ingekuwa ya thamani gani. Na kuba letu la kukodi lilikuwa na kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo vyote vilisongamana ndani ya sentimita 15.

Juu ya hayo, taswira hiyo haikunyooka kama ukuta. Imepinda kama upande wa bakuli, hali ya kuwa ndani ya kamera sehemu inayopokea picha ni bapa. Ukilenga katikati, pembe hutoka nje ya shabaha. Dawa yake ni kulibana tundu la lenzi, ili masafa yanayoonekana wazi yawe mapana na kuzimeza pembe pia. Sisi, kwa kuogopa giza la majini, tulikuwa tumelifungua tundu hadi namba 4. Kisha ile pete: lenzi hutakiwa ikae hivi kwamba tundu lake, ukilitazama kutoka mbele, liangukie kwenye kitovu cha kuba. Pete tuliyopewa ilikuwa fupi. Hatukurudi dukani kugombana. Siku zilikuwa zinakwisha.

Rafiki yetu mmoja akatuazima kuba la sentimita 20 na pete ya kulifaa, na jirani akatuazima bwawa lake la kuogelea. Tukatafuta kitu cha kupimia. Vitabu hushauri ubao wenye miraba. Mama mdogo akatoa kanga yake. Tukaizamisha, tukaitanda kwenye ukuta wa bwawa, mawe kwenye ncha zake, tukaipiga picha huku tukibadilisha namba ya tundu peke yake. Kanga inafaa kwa kazi hii kuliko ubao, maana mji wake uko katikati na pindo lake limezunguka pande zote nne, palepale kuba linapoharibu. Kwa namba 4 jina la kanga lilisomeka katikati tu, na pindo likawa moshi. Kwa namba 8 pindo likaanza kujitambulisha. Kwa namba 11 tulihesabu madoa yake mpaka kwenye pembe. Namba 16 haikuongeza kitu cha kuonekana, ila iliomba mwanga zaidi. Tukaamua: namba 11, na upungufu wa mwanga ufidiwe kwa taa mbili za flashi, zikae mbali huku na huku ili zisimulike vumbi la maji lililo mbele ya lenzi.

Tulirudi Daymaniyat siku tano kabla ya safari ya mama mdogo. Upepo ulikuwa umevuruga maji, na kwa saa nzima hatukuona ila changu na mchanga uliotimka. Mwenye boti alikuwa amekwisha kututaka tupande. Ndipo chini ya mwamba, kwenye kina cha mita 8 hivi, tukamwona: mdomo umechongoka kama wa mwewe, magamba ya mgongoni yamelaliana kama vigae. Tulisogea polepole hadi kiasi cha nusu mita, kwa sababu hakuna kuba wala lenzi inayoweza kuyaondoa maji machafu. Huondolewa kwa kukaribia. Yeye akaendelea kula. Tulipata picha sita tu.

Tumeulizwa kwa nini picha yenyewe haimo katika ukurasa huu. Wasomaji mnajua mashine yetu ya fotokopi inavyowafanyia hata maharusi. Ng'amba angetoka doa jeusi.

Mama mdogo tulimchapishia kwenye karatasi kubwa. Alivaa miwani, akaiweka juu ya meza, akanyamaza muda mrefu. Akafuata kwa kidole miguu yote minne. Kisha kidole kikateremka hadi pembe ya chini kushoto, kikasimama.

"Na huyu mkunga," akasema, "aliyetoa kichwa kwenye tundu, mlimwona?"

Tuliinama sote kutazama. Hatukuwa tumemwona.