Kubadilisha transfoma si kufuta na kuchora upya

Leo tuachane kidogo na mambo ya simu na tovuti. Nataka kuwaeleza kazi inayonikesha siku hizi: programu ya kusanifu mitandao ya kusambaza stima. Msinikimbie, nitatumia lugha ya kawaida.

Mchoro wa mtandao wa stima ndani ya tarakilishi ni zaidi ya picha. Kila nguzo, waya, fyuzi na transfoma ni rekodi katika hifadhidata, na kila rekodi inajua imeungana na ipi. Ukiuliza "nikizima swichi hii, nani atabaki gizani?", programu inafuata viungo kimoja baada ya kingine hadi mita ya mwisho.

Sasa chukua mfano wa kijijini. Transfoma ya kVA 50 iliwatosha watu wa soko na kinu cha mahindi. Kisha ukaja mradi wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015 ukilenga walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Nyumba zikaongezeka, mzigo ukapanda. Mhandisi anaamua kuweka ya kVA 100. Kwenye programu anafanyaje? Katika mifumo kadhaa niliyoifungua, anafuta ya zamani na kuweka mpya. Dakika mbili tu, na mchoro unapendeza.

Tatizo halionekani kwenye skrini. Mita zilizoshikana na rekodi ya zamani sasa zinaning'inia hewani. Programu nyingine hujitia wema na kuziunganisha yenyewe, lakini inazirundika zote kwenye fezi nyekundu kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Historia nayo inapotea. Transfoma zikiungua mara tatu mahali pamoja, kila mpya inaonekana haina doa, na hakuna anayeuliza kwa nini pale pana mkosi.

Mwalimu mkuu akihamishwa, shule haibomolewi. Wanafunzi ni walewale, kengele ni ileile, ila ofisini kuna mtu mwingine. Waliobuni CIM, muundo wa data wa kimataifa ulio katika viwango vya IEC 61970 na 61968, waliliona hili. Wanatenganisha nafasi ya kifaa katika mtandao na kifaa chenyewe, chenye namba ya kiwandani na tarehe ya kufungwa. Kifaa huja na kuondoka, nafasi inabaki.

Kwa hiyo nilipoandika amri ya "badilisha", niligawa mambo katika mafungu matatu. La kwanza ni yanayobaki: viungo, wateja, fezi ya kila mmoja na historia ya mahali. La pili ni yanayokuja na kifaa kipya: ukubwa, namba na ukinzani wake. La tatu ndilo watu husahau: yanayopaswa kukaguliwa upya. Kwa volti 415, transfoma ya kVA 50 hutoa takriban ampea 70, ya kVA 100 ampea 139. Fyuzi za zamani hazitafaa, na huenda waya pia. Kama zote mbili zina ukinzani wa asilimia 4, mkondo wa shoti kwenye vituo vya transfoma unatoka karibu ampea 1,740 hadi 3,480. Nyaya za laini ni vivyo hivyo. Ukitoa Rabbit na kuweka Dog, ukinzani unashuka kutoka omu 0.54 hadi 0.27 kwa kilomita, lakini Dog ana uzito unaokaribia mara mbili. Nani amezikagua nguzo?

Jambo jingine: badiliko likichorwa leo, bado halijafanyika. Linabaki pendekezo mpaka mafundi warudi kutoka kazini na kuthibitisha walichofunga.

Mteja wetu mmoja hakuipenda amri hii. Alisema inauliza maswali mengi, na kwamba kufuta na kuchora upya kulikuwa haraka zaidi. Meneja wetu naye alikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi. Tulibishana wiki nzima. Nikawaonyesha kitu kimoja tu: nilifuta transfoma kwenye nakala ya majaribio, nikaweka mpya, kiungo kimoja hakikushika. Laini yote iliyo chini yake ikageuka kijivu, rangi ya waya usio na stima. Huko nje waya huohuo ungekuwa na volti 240.

Fundi aliye juu ya nguzo hupima kwanza kabla ya kushika, na anapaswa kupima hata mchoro ukisema nini. Lakini yule anayempangia kazi kwa redio anatazama mchoro wangu. Mimi nimekaa kitini na chai yangu. Nikimdanganya kwa rangi, si mimi nitakayeanguka.

Amri imebaki na maswali yake. Tumepunguza yale ambayo programu inaweza kujijibu, mengine tumeyaacha. Bado wapo wanaonung'unika.

Nanyi mnaoandika programu za hospitali, benki au shule: kitu kikibadilishwa, mnahifadhi nafasi yake au mnaanza upya? Nipeni maoni yenu. Hadi wakati mwingine.