Miti yenye wenyewe: Kutoka Lodwar hadi Kakuma

UKIMWAMBIA mtu wa Nairobi au Mombasa kwamba unakwenda Turkana kutazama miti, huenda akakucheka. Wengi hudhani huko ni mchanga, mawe na mbuzi basi. Ni kweli Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka, na saa sita za mchana hata punda hutafuta kivuli. Kivuli hicho hukipata kando ya mto Turkwel, unaoanzia mlima Elgon na kumwaga maji yake Ziwa Turkana. Kila upande wa mto kuna msitu mwembamba kama mkanda. Ukiuacha hatua mia chache, umo jangwani tena.

Mti wa kwanza utakaokushangaza ni mkoma, ambao Waturkana huuita eengol. Watu wa Pwani wanaufahamu. Minazi na mitende kwa kawaida hupanda juu kwa shina moja, lakini mkoma hugawanyika panda, na kila panda ikagawanyika tena. Jani lake ni kama kipepeo cha kupulizia jiko, na kikonyo chake kina miiba iliyopinda, kwa hiyo usiushike ovyo. Majani husukwa vikapu na mikeka. Tunda ni gumu kama jiwe, na watoto huliguguna nyama yake ya nje njia nzima ya kwenda shule.

Kazi ngumu ni kupambanua miti ya miiba. Kwa mgeni yote ni migunga. Mwenyeji humcheka mgeni huyo, na ana haki, kwa sababu kuna mitatu hasa ambayo ukiichanganya umechanganya chakula na balaa.

Ewoi ndio mgunga wenyewe, ule wenye kichwa bapa kama mwavuli. Tazama miiba yake: mirefu, myeupe, iliyonyooka, imechanganyika na mifupi iliyopinda kama ndoana, katika tawi moja. Maua ni vidonge vyeupe na maganda yamejisokota kama springi. Wa pili, edurukoit, una miiba iliyonyooka tu, vijiti vyake ni vyeupe kama vilivyopakwa majivu, na maganda yake ya rangi ya chungwa hujikunja kama ganda la tunda lililomenywa. Ajabu ya mti huu ni kwamba husifika kwa kupukutisha majani wakati wa mvua na kuwa na majani wakati wa kiangazi, kinyume cha miti mingine. Mfugaji ambaye mbuzi wake hawana pa kula haoni ajabu, huona rehema.

(Wataalamu wa mimea nao walibadilisha mambo. Katika mkutano wao wa Vienna mwaka 2005 jina Acacia waliwaachia Waaustralia, na migunga ya Afrika ikapewa majina mapya. Ewoi bado ni ewoi.)

Mti wa tatu ni mathenge. Maua yake si vidonge, ni mikia ya rangi ya manjano, na maganda yake ni marefu, karibu yamenyooka. Asili yake ni Amerika. Uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, nao ukakataa kukaa ulipopandwa. Mbuzi hula maganda, mbegu hutoka kwenye kinyesi, na mahali palipokuwa na njia pakawa kichaka. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake, na mbuzi kibogoyo akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa magugu.

Sasa, kwa nini tofauti hiyo iwe na uzito? Kwa sababu miti ya kando ya Turkwel ina wenyewe. Waturkana wana utaratibu uitwao ekwar, ambao huipa familia haki ya kutumia miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto, hasa wakati wa kiangazi, na haki hiyo hurithiwa. Mwenye ekwar huchukua mti mrefu wenye ndoana, akatikisa matawi ya ewoi, na maganda yakaanguka kwa mbuzi wake. Atakayekata ewoi bila ruhusa ana kesi mbele ya wazee. Mathenge hauna mwenyewe wa namna hiyo, na unapoingia katika ekwar humpokonya mtu urithi bila kesi yoyote.

Mto nao umebadilika. Bwawa la Turkwel Gorge lilikamilika mwaka 1991, na tangu hapo maji hayaji kwa mtindo wa zamani. Miche ya miti hii hutegemea mafuriko yanayolowesha ukingo.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na hapo mto ni Tarach, laga ambayo mara nyingi ni mchanga mtupu. Mswaki, au esekon, utautambua bila shida: hauna miiba, matawi yananing'inia, na jani ukilitafuna linawasha kama pilipili. Ukiona mti wa kijani kibichi katikati ya ukame, wenye majani magumu kama ngozi, huenda ni edapal. Mbegu zake huliwa njaa inapozidi, baada ya kuchemshwa kwa muda mrefu. Za edung nazo hubadilishiwa maji mara kadhaa ili uchungu utoke. Maarifa hayo yako kwa akina mama wazee kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kambi ya wakimbizi ilianzishwa Kakuma mwaka 1992, na pamoja na Kalobeyei sasa ina zaidi ya watu 200,000. Wote wanapika. Kuni zimewagombanisha wenyeji na wageni mara nyingi, lakini zimewapatanisha pia: mama wa Kiturkana huleta mzigo wa kuni au gunia la makaa, na mama mkimbizi humpa unga au mahindi ya mgao. Makaa ya mathenge ni mazuri, na laiti mzigo wote ungekuwa wa mathenge. Ukipita sokoni, chungulia ndani ya mzigo. Vijiti vyenye miiba ya aina mbili katika tawi moja ni ewoi ya mtu.